Jua Lina Wivu na Ndimu

Nilipokuwa mtoto sikuogopa fisi wala radi, na Ufipa radi si ya kuchezea. Niliogopa ganda la ndimu. Hofu hiyo alinitia bibi, mama yake baba, ambaye ujanani alifanya kazi jikoni kwa masista, akimenya ndimu za jamu. "Ukishika ndimu, usitoke juani kabla hujanawa," alikuwa akituambia, "wala usimshike mtoto wa mtu. Jua lina wivu na ndimu. Likiikuta mwilini mwako linakuchapa." Tulimcheka pembeni, lakini tulinawa.

Mama yangu alitoka Wampembe, ziwani, ambako ndimu ni za kuokota. Baba alimwoa akampandisha huku juu kwenye baridi, na watu hawakumzoea. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa mambo yalizidi, maana nyumba zilipangwa mstari mmoja, kila mtu akinusa anachokaanga jirani. Miaka ile mafuta yalitafutwa kwa tochi, na sabuni ndiyo usiseme. Mawese ya wenzetu yalichacha yakanuka, ya mama hayakuchacha. Alikuwa akitumbukiza maganda makavu ya ndimu ndani ya chupa, siri yote ni hiyo, na alimwambia kila aliyeuliza. Wao wakasema, "Mafuta yasiyoharibika? Huyo mwanamke wa ziwani ana lake jambo." Mti wenye matunda ndio upigwao mawe, wanasema. Jamani, mama alikuwa na chupa mbili tu!

Siku yenyewe alikuwa uani akiparua migebuka iliyoletwa na mjomba. Sabuni hakuna, akajisugua viganja kwa maganda ya ndimu kuondoa shombo. Koleta, mtoto wa nyumba ya pili na rafiki yangu, alikuja mbio, akateleza kwenye maji ya samaki akaanguka. Gauni lake lilikuwa limechanika mgongo mzima, nguo nazo zilikuwa shida. Mama akamwinua, mkono mmoja mgongoni, akamwambia, "Pole mwanangu, haya, nenda." Koleta akaenda zake shambani kuamia ndege kwenye ulezi, akashinda juani kutwa. Bibi alikuwa Kaengesa kwa dada yake, la sivyo angepiga kelele.

Kesho yake hakukuwa na kitu. Keshokutwa asubuhi tukasikia yowe. Mgongoni mwa Koleta palikuwa na mkono wa mtu: kiganja na vidole vyote, vyekundu, vimejaa malengelenge. Baba yake akamuuliza, "Nani alikushika hapa?" Mtoto akasema kweli.

"Mama Yusta."

Yusta ni mimi.

Baba Koleta hakubisha hodi. Alimkuta mama anachochea moto, akampiga begani kwa mpini wa jembe, akamburuta kwa nywele mpaka nje, na huko wenzake walikuwa wameshafika. Baba yangu alikuwa Namanyere kwa shughuli za kijiji. Nilimwona kaka yake Mama Koleta akiokota jiwe, akilipima mkononi, akilirusha. Lilimpata mama sikioni. Damu ilitoka, na sikio lile halikusikia tena mpaka anakufa. Nilimng'ang'ania mama miguuni, na mwanamke mmoja, niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, akanipiga teke la mbavu nikamwachia. Mpaka leo nikisikia watu wanasifu ujirani wa zamani nanyamaza tu.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyewazuia. Si kwa huruma, hata kidogo. Alitaka mambo yaende kwa utaratibu, basi akaamuru mama afungiwe kwenye ghala la mahindi mpaka wazee waamue. Kila mtu alijua wataamua nini.

Mjomba alikimbia kwenda kumwita bibi, naye akafika mchana huohuo, vumbi mpaka magotini. Akasimama mbele ya ghala. "Ni ndimu," alisema. "Ndimu na jua. Nimewaambia miaka yote, hamna masikio?"

Walicheka. Baba Koleta akasema, "Ndimu tunakula kila siku, bibi. Unamkinga mchawi wako."

"Basi ndimu haina neno?"

"Haina."

Bibi akatoa ndimu kwenye kitenge. "Kamua maganda, jipake kiganjani, kisha nishike hapa. Shika sana, kama unanipiga." Akamnyooshea upande wa ndani wa mkono wake, pale ngozi ilipo laini.

Akamshika kweli. Alikamua maganda mpaka yakachuruzika, akaukamata ule mkono akautikisa hata bibi akayumba, na watu wakashangilia. Kisha akajifuta kwenye suruali akaingia kivulini kulinda mlango. Bibi akakaa chini juani, mkono wazi juu ya goti, mpaka jua lilipozama. Nilimpelekea maji, akakataa, akasema nisimguse.

Siku ya pili mkono wake ulikuwa na wekundu kidogo tu, kama wa kujikuna. Weee! Walivyomzomea! Wakamtoa mama ghalani wakamchapa fimbo mbele yake, ili mzee aone uongo wake unavyolipwa. Mama hakulia tena, alikuwa akipumua kwa mdomo. Bibi alipiga magoti mbele ya mwenyekiti, yeye ambaye sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti nje ya kanisa. "Nipe mpaka kesho," alisema. "Kesho ukiniona muongo, tuue wote wawili." Mwenyekiti akakubali, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanarudi na watu walikuwa na njaa. Mama wakamrudisha ghalani.

Asubuhi bibi alikwenda mpaka mlangoni pa ghala, umati ukiwa umejaa, akapandisha mkono wa blauzi. Malengelenge yalikuwa yamevimba, na kila mtu aliweza kuyasoma. Kidole gumba. Halafu nafasi. Halafu vidole vitatu. Baba Koleta alikatwa kidole cha shahada na panga zamani, na kijiji kizima hakikuwa na mkono mwingine kama ule.

Bibi akauliza, polepole, "Mlisema mwenye mkono ndiye mchawi. Haya, huu wa nani?"

Sikuwahi kuona watu wakigeuka vile. Wa kwanza alikuwa shemeji yake Baba Koleta, yuleyule wa jiwe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: Baba Koleta alilia mara moja tu, "Ni ndimu! Bibi amesema ni ndimu!" kisha mpini wake mwenyewe ukamshukia. Walimvunja mguu. Walichoma nyumba yake, na Koleta alisimama kando na mgongo wake wa malengelenge akiangalia.

Mlango wa ghala uliachwa wazi. Mama akatoka akitambaa, uso umevimba hauna macho, akasikia kilio, akaelewa. Akapaza sauti. "Mwacheni! Hajafanya kitu! Ni ndi..."

Bibi akamziba mdomo. Alimwangusha chini akamlalia, kiganja mdomoni, na mama akawa anahangaika chini yake. Nilikuwa karibu. Nilimsikia bibi akimwambia katika sikio zima, "Nyamaza, mwanangu. Niliwaambia ni ndimu, hawakutaka. Wanataka mtu. Nyamaza uishi."

Baba Koleta hakufa. Mama ndiye aliyekwenda kumfunga mguu, baba aliporudi na hasira zake zikatulia. Lakini mguu haukupona sawasawa, na ulezi ulipovunwa wakahama, sijui waliko. Mikono ile miwili, wa mgongoni mwa Koleta na wa bibi, ilikuwa imebaki doa la kahawia, na wa bibi baadaye ukafutika kabisa.

Leo mimi ni muuguzi hapa Sumbawanga. Najua sasa kwamba ganda la ndimu lina mafuta, na mafuta hayo yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza, na kuungua hakuonekani siku hiyohiyo. Nawaeleza akina mama kliniki, wanaitikia. Hilo ni jepesi.

Zito ni lile lingine. Mama hakumsamehe bibi kwa kiganja kile cha mdomoni. Alimtunza mpaka akamzika, akamwogesha kwa mikono yake, lakini hakumsamehe, na aliniambia hivyo. Alisema mtu alivunjwa mguu huku ukweli wa kumwokoa sisi tulikuwa nao mdomoni. Nami nilimwitikia, maana alikuwa mama yangu na alisema haki. Ila nimezaa, nina wajukuu, na nimejiuliza mara nyingi: ingekuwa mimi pale chini, ningemziba?

Ningemziba. Kwa mikono yote miwili.