Mwenye Shamba Alipokaa Chini

Mzee Sebastiani wa Hirbadaw hakuwahi kuingiza jembe ndani likiwa na udongo. Alichuma majani ukingoni mwa ua, akalipangusa mpaka likang'aa, akaliegemeza nyuma ya mlango, ndipo akawasalimu watu wa nyumbani. Hata ugonjwa ulipomkaa mwilini, hata siku ambazo jembe halikutoka kabisa, Marieta mkewe alimkuta asubuhi kizingitini akilipangusa jembe safi. Hakumuuliza. Kuna mambo mke huyaona akapita.

Alikuwa mtu wa kawaida: ng'ombe wachache, shamba la mahindi na maharage linaloteremka hadi korongoni, mahali pake pa kukaa kanisani karibu na dirisha. Lililompa jina ni palizi. Majirani wa kitongoji walikuwa na kikundi cha kulimiana, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba aliandaa makande na pombe ya mtama. Wakishasimama mstari, Sebastiani ndiye aliyeanzisha wimbo, na majembe yote yakashuka pamoja kwa sauti yake. Mwiko wao ulikuwa mmoja. Hakuna jembe linaloshuka kabla ya jembe la mwenye shamba. Yeye ndiye hufungua palizi, na mke hufungua akiwa mjane tu.

Ugonjwa ulianzia mkono wa kulia. Kijiko kiligonga bakuli mezani, wajukuu wakacheka wakidhani babu anawachezea. Hospitali ikasema ni Pakinsoni, ikampa vidonge, na baada ya muda mkono ukatulia. Marieta akachinja jogoo. Kitongoji kizima kikasema mzee amepona, na taabu ikaanzia hapo.

Kutetemeka watu walikuwa wamekuona. Uchovu hakuna aliyeuona. Haukuwa ule wa mtu aliyetoka kulima, maana aliamka nao. Alivaa kiatu kimoja, akabaki ameshika cha pili.

"Baba Perpetua, chai," Marieta akamwita.

"Naiona."

"Sasa si unywe?"

"Nakuja."

Na chai ilikuwa mbele yake, mkono ukinyooka tu anaifikia.

Renatus, kiongozi wa kikundi, alikuja kumtania. "Shikamoo mzee. Nasikia siku hizi unalala kumshinda mtoto mchanga!"

"Marahaba. Mtoto mchanga akilala watu wanafurahi. Mimi nikilala mnakuja kunihesabu pumzi."

Wakacheka. Lakini kisimani Marieta alisikia mengine. "Mkono mzima, mguu mzima. Uzee umemfundisha uvivu." Alijitwika ndoo yake akaondoka, na kilichomuuma njia nzima ni kwamba na yeye, mara mojamoja, alikuwa amewaza hivyohivyo.

Akamrudisha hospitali. Daktari, binti mpole, aliwaeleza taratibu. Uchovu ule si wa misuli. Ubongo una sehemu nyingi, na ili mtu ainuke lazima ziambiane. Kwa ugonjwa huu, watafiti wanaona kuwa mawasiliano ya baadhi ya sehemu hubadilika, na huenda uchovu unatokea huko, ingawa bado hawajaelewa vizuri.

"Dawa yake?" Marieta akauliza.

"Ya kutetemeka ndiyo hii anayokunywa. Ya uchovu, mama, nikikuahidi nitakudanganya. Apumzike, atembee kidogo akiweza. Na msimwite mvivu."

Nyumbani Marieta alijaribu kumfafanulia mumewe kwa lugha ya shambani. "Ni kama mstari wa palizi. Wewe unaimba huku, wa kule mwisho hawasikii, kwa hiyo majembe hayashuki pamoja."

"Basi nimekuwa mstari mbaya," Sebastiani akasema.

Mvua zikaja, na magugu nayo. Kwenye mashamba ya wenzao Marieta alikwenda badala ya mumewe, na watu walimpokea vizuri. Zamu yao ilipokaribia, Renatus alipita jioni akasema kwa upole kwamba wanaweza kurukwa mpaka mzee apate nguvu. Marieta alijua maana yake. Wakirukwa, maharage yatamezwa na magugu, na mwaka huo watakula kwa huruma ya Perpetua, binti yao aliyeolewa Balangdalalu, ambaye naye ana watoto wake wa kulisha.

"Msituruke," akasema. "Atafungua."

Hakumuuliza Sebastiani. Alijiambia kwamba akiwaona watu wamesimama, akisikia wimbo, mwili utakumbuka. Alikuwa amesikia yote aliyosema daktari, na bado akauamini wimbo kuliko daktari. Akaloweka mtama, akapika pombe.

Asubuhi ile watu walijaa, upepo wa mlima ukiwapiga migongoni. Sebastiani alishuka shambani polepole akiwa na jembe lake, kofia kichwani, na Marieta akamshukuru Mungu kimyakimya. Wakajipanga. Kijana mmoja akaanza kuimba ule wimbo, wenzake wakaitikia.

Sebastiani aliinua jembe hadi kiunoni. Likabaki hapo. Akaliteremsha, akaliegemea, akatazama mahindi yaliyomfika magotini.

"Mzee, tuonyeshe njia!" mmoja akapaza sauti. "Au mpaka pombe itangulie?"

Watu wakacheka kidogo. Sebastiani naye alitabasamu. Kisha akakaa chini katikati ya matuta, taratibu kabisa. Wimbo ukafa mdomo kwa mdomo mpaka mwisho wa mstari.

Marieta alimwinamia. "Gusa tu udongo. Mara moja tu, Baba Perpetua."

Alimwinulia macho, jembe likiwa bado mikononi.

"Niushike mkono wako?"

Akatikisa kichwa.

Renatus alitazama pembeni. "Mama, mwiko tunaujua wote. Ama tuondoke, ama…"

Marieta akalichukua jembe mikononi mwa mumewe. Wanaume kadhaa walivua kofia bila kuambiwa, kama wafanyavyo makaburini. Akalipiga chini mara moja, na majembe yote yakashuka nyuma yake bila wimbo. Kufikia mchana shamba lote lilikuwa limepaliliwa, safi kuliko mwaka wowote. Pombe ilibaki nyingi.

Tangu siku ile Sebastiani hakusema. Alikula akilishwa, aligeuzwa akageuka, macho yakimfuata mkewe chumbani. Kila usiku Marieta alimwuliza lilelile. "Umenikasirikia? Nilikuzika mbele za watu, najua. Ungetaka magugu yatumalize? Niambie basi, hata unitukane." Alisubiri, mara nyingine mpaka taa ya sola ikazimika. Kwa daktari hakurudi kuuliza kama huo nao ulikuwa ugonjwa au ni hasira. Aliogopa kuambiwa kwamba hakuna mtu anayeweza kujua.

Sebastiani alifariki kwa homa ya mapafu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Jioni ya kuamkia siku hiyo Marieta alikuwa akimkanda miguu kwa maji ya moto, naye amekwisha kuacha kuuliza, aliposikia sauti ndogo, kavu, akainua uso.

"Nilikuwa nakusikia, Mama Perpetua. Kuitika ndiko kulikonishinda."