Wanja kwenye Shingo za Ng'ombe

Baba alikuwa na maradhi ya ng'ombe, ndivyo mama alivyokuwa akisema. Si ng'ombe wa kukamuliwa, bali wa kuchorwa: ng'ombe wa mashamba ya Ufaransa, waliochorwa karne ya kumi na tisa, wanene, wamesimama majini hadi magotini. Unguja aliwanunua kwa Wazungu waliokuwa wakihama na kuuza vyombo vyao. Nyumba yetu ilijaa kondoo na mabata wa nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga.

Mapinduzi yalipotokea, ami yangu, mdogo wake baba, alichinjwa mbele ya mlango wetu. Baba aliona kwa macho yake. Tukakimbia na nguo za mwilini na picha moja, ambayo baba aliitoa kwenye fremu akaikunja ndani ya mkeka: ng'ombe watatu na mto. Wenzetu walibeba dhahabu, yeye akabeba ng'ombe! Nilikasirika sana, maana mwanasesere wangu alibaki.

Maskati tulipokewa na shangazi yake baba, aliyeolewa huko zamani. Akatupa chumba kimoja, chenye joto la tanuri. Usingizi ulimhama baba. Kila alfajiri baada ya sala alikuwa akiukunjua mkeka na kuwatazama ng'ombe wake, na hapo tu uso wake ulilegea, akasinzia akiwa ameketi. Hakuwa na dawa nyingine.

Siku moja shangazi akaiona picha ile.

"Mwanangu, malaika hawaingii nyumba yenye sura ya kiumbe. Nnakupenda, lakini itoke, au mtoke nayo."

"Ng'ombe tu hao, shangazi. Wanakunywa maji."

"Wana macho, wana shingo."

Hatukuwa na pa kwenda. Mama alikumbuka alilofunzwa chuoni alikosoma Kurani: sura ya kiumbe ikikatwa shingo huwa haina uhai tena, na haina makosa kukaa nyumbani. Baba alipotoka kwenda bandarini Matrah kutafuta kazi, mama akachanganya wanja na mafuta, akachukua kijiti, akapiga mstari mweusi kwenye koo la kila ng'ombe. Alifanya kwa mapenzi, akichunga asije akauharibu mto. Shangazi aliridhika. Misumari aliileta yeye mwenyewe, na picha ikatundikwa ukumbini, mahali pa heshima. Mama akajifukiza udi, akamngoja mumewe.

Baba aliingia, akavua makubadhi, akainua macho.

"Nani kawachinja?"

Mama akaanza kueleza habari za malaika na ruhusa. Baba akaketi chini palepale mlangoni.

"Mke wangu, nilikuwa nna hawa tu wasiochinjwa."

Mama alilia mpaka akapaliwa. Picha haikuondolewa, kwani nani angethubutu kumvunjia shangazi heshima yake? Tangu siku hiyo baba alikula akiwa ameipa mgongo. Na kila alfajiri, baada ya sala, aliukunjua mkeka ule ule, mtupu, akautazama.