Kulifunga Panka Ndege Ikija

Kabla sijamchukia mtu yeyote pale kijijini, nilichukia mkono wa chuma. Ulikuwa kwenye mguu wa mnara wetu wa maji. Ukiuvuta hadi chini ukaupachika kwenye kulabu, juu kule mkia unakunjika, gurudumu linaupa upepo ubavu, na bati zake zinapunguza mwendo mpaka zinasimama. Maji nayo yanakatika. Ukiuachia, gurudumu linazunguka, pampu inakohoa mara mbili tatu, maji yanarudi. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, mimi niliyemaliza kidato cha nne: kuvuta, kupachika, kuachia.

Mafundi waliolileta waliliita kinu cha upepo. Wanawake hawakuona kikisaga kitu, wakakiita panka, kama yale ya madukani kwa Wahindi mjini, na jina likabaki hilo.

Tulihamishiwa pale wakati wa operesheni ya vijiji, nje ya Tabora, upande wa kiwanja cha ndege, kwa sababu barabara ilipita hapo. Maji hayakupita. Mwaka mzima tulichota kwenye dimbwi pamoja na ng'ombe. Kisima kilipochimbwa na panka kusimikwa tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Hata mwezi haukwisha, akaja mtu wa redio kutoka kiwanjani, juu ya baiskeli, kofia ya kazi kichwani, akasema lile panka litaua watu.

Nilidhani anatania. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi, na tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe hadi pwani na kulala kwao njiani, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Hasemi neno bila kukuchokoza. Lakini siku ile alichora chini kwa kijiti. Huku mlingoti wake wa redio, ambao mchana kutwa hupiga mluzi usiosikika kwa masikio, ili sindano iliyo mbele ya rubani ielekee kiwanjani. Kule ndege inakotokea. Katikati, panka letu. Zile bati zikizunguka zinaukatakata mluzi, na sindano inayumba kama mlevi. Rubani akiona kiwanja kwa macho, hakuna neno. Ila kiangazi, mashamba yanapochomwa na moshi umetanda, haoni kitu, ana sindano tu.

Wazee wakauliza kwa nini asihamishe mlingoti. Akasema mlingoti ulitangulia. Akauliza kwa nini tusihamishe panka. Tukasema maji ndiko yaliko. Basi wakakubaliana katikati: panka lizunguke siku zote, ila lifungwe ndege inapotarajiwa. Angetuletea ratiba na saa ya mezani.

Ratiba ikaja, na hapo ndipo niliponaswa. Ilikuwa imeandikwa kwa saa za Uingereza, maana ndege zote duniani zinafuata hizo. Ikisema saba, unajumlisha tatu, unapata kumi. Hiyo kumi ni ya Kizungu, unaigeuza, unapata saa nne yetu ya asubuhi. Karatasi ikazunguka mkutanoni mkono hadi mkono kama mtoto asiye na baba. Mwenyekiti aliitazama, akaigeuza, akasema macho yake yanawasha kwa moshi. Kisha mtu mmoja akasema kuna yule mkamwana aliyesoma. Vichwa vyote vikageuka. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikimnyonyesha binti yangu. Sikuulizwa. Nilipongezwa, nikaambiwa nina bahati, kazi ya kukaa kivulini.

Kivuli chenyewe kilikuwa cha mnara: mistari minne ya chuma. Mume wangu alikuwa Tura, kwenye genge la reli, anakuja mara moja baada ya miezi. Nikakaa pale na saa, ratiba na mtoto. Alipoanza kutambaa nilimfunga khanga kiunoni, ncha ya pili nikaifunga kwenye mguu wa mnara asifike kwenye tope. Wapita njia walicheka kwamba wamefungwa wawili, mama kwa saa na mtoto kwa khanga. Na mimi nilicheka, siku za mwanzo.

Tatizo ni kwamba ratiba inasema itakavyokuwa, haisemi ilivyo. Ndege ya saa nne huja saa saba, au haiji kabisa, na mimi sina simu. Ninafunga panka, upepo mzuri unapita bure, ndoo zimepangwa foleni hadi barabarani, wanawake wamesimama wananitazama. Wakaniita mke wa ndege. Mmoja alikuwa akinisalimia kila asubuhi kwa kuuliza bwana ameamkaje huko mawinguni. Mama mkwe wangu, ambaye ndoo yake nayo ilikuwa foleni, akawa anageuzia uso kwingine, na hilo liliniuma kuliko kejeli zao.

Siku moja mtoto alichemka homa. Nilikuwa namkanda kwa kitambaa huku nikipiga hesabu, nikajumlisha tatu nikapata kumi, nikasahau kuigeuza. Nikangoja saa kumi ya jioni. Saa nne ya asubuhi nikasikia mngurumo ndani ya moshi, ukaja, ukatupita, ukarudi, ukatupita tena, chini mno, na panka linazunguka kwa raha zake. Niliurukia ule mkono nikauvuta kwa uzito wa mwili wangu wote. Ndege ikazunguka mara ya tatu, ikatua. Baada ya muda mtani wangu alikuja na baiskeli. Hakunitania. Alimtazama mtoto, akasema, "Dada, mle ndani mlikuwa na watu tisa," akageuza baiskeli akaondoka.

Usingizi wangu uliharibika tangu siku hiyo. Kwa hiyo barua ya chuo cha uuguzi, nilikokuwa nimeomba nafasi, ilipofika, kwamba nimechaguliwa na niripoti Jumatatu ya mwisho wa mwezi, sikuona karatasi, niliona mlango. Mama mkwe alikubali kukaa na mtoto kabla sijamaliza kueleza. Kilitakiwa kitu kimoja tu: barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri, ya kuniruhusu kutoka. Bila hiyo, chuo hakinipokei, na kijijini nahesabiwa mtoro.

Nilimwendea mwenyekiti ofisini, nikamwamkia shikamoo, nikaweka barua ya chuo mezani. Karatasi nyingi zilikuwa zimelundikwa hapo chini ya jiwe. Tangu katibu, aliyekuwa akizisoma na kuzigonga mwenyewe, alipohamishiwa tarafani hakuna kilichotoka chini ya jiwe lile. Aliishika ya kwangu muda mrefu. Akauliza inasemaje. Nikamweleza. Akauliza nani atasoma saa. Nikasema tumtafute mwingine. Akasema mwingine hayupo, na watu tisa ni watu tisa. Nikatoka. Elimu waliyoniimbia shuleni kwamba itanikomboa ndiyo ilikuwa imenifunga kwenye chuma.

Nilikaa chini ya mnara siku mbili nikifikiri kwa hasira, na niseme kweli, kwa hasira nafikiri vizuri. Kama tatizo ni kusoma saa, basi kazi isiwe na saa. Mtani wangu anajua ndege ikikaribia, maana rubani humwita redioni kabla hajafika. Juu ya kibanda chake akiinua kitambaa chekundu kwenye mlingoti wa mwanzi, sisi tunakiona kutoka mnarani. Kikipanda, funga. Kikishuka, achia. Hata mwenye moshi machoni ataweza.

Nikambeba mtoto nikaenda. Mtani alisikiliza, akasema wazo zuri, ila kanuni haziruhusu kupandisha kitambaa kisichoandikwa. Aombe kwanza, ajibiwe. Nikauliza kujibiwa huchukua muda gani. Akasema hajui, hajawahi kujibiwa.

Kofia yake ilikuwa mezani, yenye beji. Nikaichukua nikamvika mtoto.

"Kofia imepata kichwa," nikamwambia. "Utaikomboa siku kitambaa kitakapopanda."

"Dada, bosi wangu anakuja kesho."

"Mwambie Mnyamwezi amebeba mzigo. Si ndiyo kazi yetu?"

Alinitazama, na uso wake ukapasuka kicheko. Mtani hakasiriki, akikasirika kawadhalilisha babu zake. Akasema watoto wa Kinyamwezi wana vichwa vikubwa, kofia itachanika. Nilikuwa sijafika nusu ya njia nilipogeuka nikaona kitu chekundu kinapanda juu ya kibanda.

Kwa wiki nzima mama mkwe wangu, asiyejua a wala be, ndiye aliyelifunga panka. Aliweka kigoda, akawa anachambua michembe ya viazi huku jicho liko kule. Hakukosea hata mara moja. Panka likawa linasimama dakika chache tu, ndege yenyewe ikiwa inakuja kweli, na foleni ya ndoo ikapungua. Yule mwanamke wa salamu za bwana wa mawinguni akaniuliza kwa nini sikufikiria hivyo zamani. Nilimwachia Mungu.

Ijumaa nikarudi kwa mwenyekiti. Safari hii barua ya ruhusa nilikuwa nimeiandika mwenyewe, kwa mwandiko safi, mistari sita. Nikamweleza kuwa saa haihitajiki tena, nikasema ninachoomba ni muhuri tu. Alifungua sanduku, akautoa, akauhemea, akaushikilia juu ya karatasi. Kisha akauweka chini.

"Funga mlango, binti."

Nikafunga. Akaniuliza kama najua nani alipiga muhuri kwenye karatasi ya kutuhamisha kule tulikotoka. Nikasema hapana.

"Mimi. Kwa mkono huu huu. Waliniambia ni karatasi ya mbegu."

Alisema hayo akiwa ametazama jiwe lililokandamiza karatasi. Wakati ule hakuwa mwenyekiti, alikuwa balozi wa nyumba kumi tu. Siku mbili baadaye malori yalikuja, na nyumba ya kwanza kuezuliwa ilikuwa ya mama mkwe wangu. Aliapa kutogonga tena karatasi asiyoisoma kwa macho yake mwenyewe. Ndiyo maana zile zilikuwa zimelala chini ya jiwe.

Nikamwambia basi nimsomee, ni mistari sita.

"Hata ile nilisomewa," akasema.

Nilitaka kulia, nilitaka kumrushia lile jiwe, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa anadanganya. Akasogeza kiti chake kidogo, kunipa nafasi mezani.

"Nifundishe," akasema. "Siku nitakayoisoma hii mpaka mwisho, nitaigonga. Na watu wasijue."

Jumatatu ile ya kuripoti chuoni nilisikia treni ya mjini ikipiga honi nikiwa ofisini kwake, mlango umefungwa, nikiandika herufi kwa mkaa kwenye ubao wa sanduku la chai. Nilimwandikia mkuu wa chuo. Akajibu kwamba nafasi ninaweza kuwekewa hadi muhula ujao, si zaidi. Kijijini wanasema mwenyekiti ananitumia kwa hesabu za kijiji. Wengine wanasema mengine. Mama mkwe aliniuliza mara moja tu, nikamjibu nimekatazwa kusema, akarudi kwenye kigoda chake. Kuhusu karatasi ya mbegu sijamwambia. Sijui kama nimenyamaza kwa ajili ya mwenyekiti au kwa ajili ya muhuri.

Mwenyekiti ni mzito wa kushika, lakini hasahau alichoshika. Ameacha kuniita binti. Ananiita mwalimu, kwa sauti ya chini. Muhula unakaribia. Ameshapita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jana alifika kwenye neno "aruhusiwe", akaweka kidole chini yake, akasema a, akasema ru, akakwama. Dirishani nilikiona kitambaa chekundu kikipanda kule kiwanjani. Mama mkwe akauvuta mkono, panka likakunja mkia, maji yakakatika. Wanawake wakaweka ndoo chini kungoja ndege. Mwenyekiti alifuta jasho, akarudisha kidole mwanzo wa neno.

"A," akasema.