Chipu Iliyojifanya Tupu

"Kama haina kitu, ni nani anayegeuza mayai yangu?"

Mama aliniuliza hivyo jikoni kwetu Migori, mkononi ameshika karatasi niliyomletea. Ilikuwa imejaa herufi F mbili mbili, mstari baada ya mstari, toka juu hadi chini. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea umeme, na nilizoea kuwa na jibu.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini. Mama alikuwa na mashine ya kuangulia vifaranga, sanduku la mbao alilotengenezewa na fundi mmoja wa Homa Bay. Ndani yake, kwenye kibao cha saketi, kulikuwa na chipu nyeusi iliyopima joto, ikageuza trei kila baada ya saa chache, na ikahesabu siku. Siku ya kumi na nane iliacha kugeuza na ikapunguza joto, kwa sababu mayai ya kuku huanguliwa siku ya ishirini na moja. Lakini safari hiyo Mama alikuwa ameweka mayai ya bata, ambayo hukaa siku ishirini na nane. Yalikuwa arobaini na nane, ya akina mama wa kanisani kwake, kila moja limeandikwa kwa penseli alama ya mwenyewe.

"Ni namba moja tu ya kubadilisha," nilimwambia. "Badala ya kumi na nane tuweke ishirini na tano. Kwa nini tumsumbue fundi?"

Chuoni nilikuwa nimejitengenezea kifaa cha kusomea chipu, chenye waya wa kuchomeka nyuma ya kompyuta, pale panapochomekwa printa. Nilichomoa chipu, nikaenda nayo kwenye ofisi ya kupiga chapa ya binamu yangu, hatua chache tu kutoka nyumbani, nikaisoma. F tupu. Kwenye kumbukumbu ya chipu ya aina ile, F mbili mbili maana yake hapajaandikwa kitu. Niliamini mara moja kwamba Mama alikuwa amelaghaiwa: chipu ni pambo, na kazi inafanywa na sehemu nyingine ya kibao. Niliirudisha, mashine ikaendelea kama kawaida, na ndipo Mama akauliza swali lake.

Swali lilinikera. Kesho yake, siku ya kumi na sita ya mayai, niliamua kufanya jaribio. Kama chipu ni tupu, kuifuta hakutabadilisha lolote. Nilirudi kwa binamu yangu, nikatoa amri ya kufuta kila kitu, kisha nikaichomeka tena mahali pake.

Mashine ikanyamaza. Taa haikuwaka, feni haikuzunguka.

Mama hakunigombeza. Alibandika maji jikoni, akajaza chupa, akazifunga kwa leso na kuzipanga kandokando ya trei. Alichukua yai moja, akafumba jicho na kulilaza juu ya kope. "Bado lina joto," alisema. "Nenda kamwone fundi mwenyewe, nyathina, mwanangu. Mimi nitageuza."

Nilifika Homa Bay kabla ya adhuhuri, chipu nimeifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya majani ya chai. Fundi alikuwa mtu wa Lamu, mwenye duka la kutengeneza redio karibu na soko. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Kwa hiyo binti wa chuo alisoma, akaona F, akasema hamna kitu?"

"Ndivyo nilivyoona, fundi."

"Ungegonga mlango wangu ukanyamaziwa, ungesema nyumba haina watu?"

Alinieleza kwamba aliitia chipu kufuli isisomwe na mtu wa nje, kwa sababu mtu alinunua mashine yake moja, akanakili programu, akauza mashine kumi. Chipu iliyofungwa huendelea kujisomea amri zake yenyewe, moja baada ya nyingine. Ni anayeuliza kutoka nje tu anayepewa F.

"Na sasa ni tupu kweli," nilisema.

"Sasa ni tupu. Lakini tazama."

Aliichomeka kwenye kibao chake, akashikilia kitufe huku akiwasha stima, akaandika herufi moja kwenye kompyuta: U. Kwenye kioo ikajitokeza U ya pili.

"Hiyo ya pili nani kaandika?" niliuliza.

"Yeye."

Nilimwomba arudie. Nikachomoa waya, akaandika U, hakuna kilichorudi. Nikauchomeka, ikarudi. Nilirudia mara tano, na kila mara mwili ulinisisimka. Kulikuwa na programu ndogo iliyoandikwa kiwandani mahali ambapo kufuta kwangu hakukufika. Kazi yake ni kuamka, kuipima kasi ya anayeiita kwa ile herufi moja, kumwitikia, na kupokea upya yote iliyopoteza.

Kwenye nakala yake ya programu, fundi alibadilisha kumi na nane kuwa ishirini na tano, akafanya saa ianzie siku ya kumi na sita, akaituma kwenye chipu. Kabla ya kunikabidhi aliifunga tena, mbele ya macho yangu, bila kuomba radhi.

Nilipofika nyumbani jua likielekea kuzama, leso zilikuwa mbichi na Mama alikuwa na yai kopeni. Siku ya ishirini na nane walitoka vifaranga thelathini na mmoja. Mayai yaliyobaki Mama aliyarudisha kwa wenyewe, moja moja, na kwa kila mmoja alisema kosa lilikuwa letu.

Lile jaribio halikuniacha. Nilikuwa nikijiambia kwamba ningekuwa mwepesi zaidi, ningefungua kufuli kwanza, nikasoma, bila kuua kitu. Miaka mingi baadaye, kazini, nilisoma waraka wa watengenezaji wa chipu za aina ile. Kufuli halifunguliwi ila kwa amri ya kufuta, na unapoitoa, programu huondoka kwanza, yote, na kufuli hufutwa mwisho.