Alasiri Shangazi Hawayu Alipoimba Garsen

Harufu ya turubai lililolowa, ikichanganyika na moshi wa kuni mbichi, ndiyo masika yangu ya utotoni. Mto Tana ulikuwa umefurika ukameza migomba na mpunga wetu, nasi tukahamia kwenye mahema pale penye mwinuko Garsen, tukipakana na Waorma waliookoa ng'ombe wao. Hapo ndipo Shangazi Hawayu alipotufikia kutoka Mombasa, matope hadi magotini, gitaa mgongoni limefungwa kwa gunia la plastiki. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa mto wetu kuimba na bendi ya magitaa ya umeme, ile ridhimu na bluzi ya Wamarekani weusi, ila yeye aliiimba kwa Kipokomo chetu. Mahoteli ya Mombasa yalimgombania. Redio ilipopiga santuri zake, Babu, baba yake mzazi, aliizima. "Mwacha asili ni mtumwa," alisema. Tangu binti huyo aondoke nyumbani hawakuwa wamesemezana, na Mama alishakata tamaa: maji yakimwagika hayazoleki.

Babu alimwona akija, akampa mgongo. Shangazi alimwamkia, hakujibiwa, akaenda kuwasaidia wanawake kupika. Alasiri mvua ikarudi, sisi watoto tukaanza kulia kwa njaa na baridi. Ndipo akalifungua lile gunia, akaketi juu ya ndoo, akaimba. Sauti ilianzia chini, nzito, ikapanda polepole hadi mahema yote yakanyamaza. Mama mmoja wa Kiorma aliyekuja na kibuyu cha maziwa alisimama nacho mvuani, akasahau kugawa.

Babu aligeuka. "Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Kwako, Baba. Uliuimba ukipiga kafi, nami nimekaa mbele ya mtumbwi. Ndio niliowaimbia watu kote huko."

"Mwisho wake umeukosea," Babu akasema, na kwa sauti yake iliyokwaruza akauimba mwenyewe. Shangazi akamfuata kwa gitaa, machozi yakimtiririka.

Babu ametutoka, na Shangazi hapandi tena majukwaani. Garsen ya leo ina wasichana wanaorekodi nyimbo kwa simu, na baba zao ndio wanaozisambaza. Juzi binti yangu alitunga wake, akanikimbilia niusikilize. Shangazi alilisubiri sikio la baba yake miaka na miaka. Binti yangu hakusubiri hata chai yangu ipoe.