Mgongo Aliouzoea Mama Charubala

Miaka sita mfululizo Gorakh Rokaya alimbeba Mama Charubala kutoka mji wa Gaurikund, chini ya milima ya Himalaya, mpaka hekaluni Kedarnath, na njiani hakuwahi kumwona uso hata mara moja. Tenga la wabebaji ndivyo lilivyo. Abiria hukaa mgongo kwa mgongo na anayembeba, akitazama njia iliyokwisha kupitwa, na mkanda wa tenga hukaa kwenye paji la uso la mbebaji. Mnajuana kwa uzito na kwa maneno.

Maneno Gorakh alikuwa nayo tele. Wenzake, Wanepali wa wilaya ya Jumla kama yeye, walimpa jina la Redio. Akishaanza kupanda ameanza na kusema: kaka zake walivyomnyang'anya shamba, mkewe alivyonuna, baridi, magoti. Mama Charubala, mjane kutoka mji wa Bardhaman, aliitikia tu, "Ehee, mwanangu."

Kila mwezi wa Mei alikuja na kundi la mahujaji wa Kibengali, pamoja na wapishi wao na masufuria yao. Kabla hata hajashuka vizuri kwenye gari, huita mbele ya wabebaji wote, "Gorakh wangu yuko wapi?" Kisha humpa mfuko wa vidonge vya bisi za mchele na sukari guru, alivyovifinyanga kwa mkono wake mwenyewe. Wabebaji wengine walipewa ujira wao wakasahauliwa. Gorakh aliitwa wangu, na kwa neno hilo alitembea kifua mbele msimu mzima.

Mwaka huu alimngojea siku tatu, akiwakataa abiria wengine. Asubuhi ya siku ya nne alikwenda mara moja kwa fundi cherehani kuchukua mto mwekundu wa kukalia alioushonesha kwa ajili ya bibi. Aliporudi mbio, kundi limeshafika, na Mama Charubala hayupo. Akainua macho njiani. Kwenye kona ya pili aliliona tenga la Hastabir, kijana wa kijiji chao, na ndani yake skafu nyeupe anayoijua.

Huyo Hastabir, ambaye juzi tu alikuwa hajui hata kufunga mkanda! Gorakh akampakia abiria wa kwanza aliyejitokeza, karani mstaafu wa kundi hilohilo, Bwana Nitai, mzito kama gunia la chumvi iliyolowa. Bwana Nitai akaukalia mto mwekundu, akasema ni mzuri.

Gorakh akapanda kama mtu anayedai haki yake. Kila kona aliona skafu ile mbele, na upepo ukimletea kicheko cha bibi. Bibi anacheka nini? Hastabir ana nini cha kuchekesha?

"Wewe, polepole," Bwana Nitai alilalamika. "Nimekuja kumwona Mungu, lakini si leo hii na si kwa kuanguka."

"Kaa vizuri, Baba. Tunafika."

Aliwafikia Linchauli, penye vibanda vya chai. Hastabir alikuwa ametegesha fimbo yake chini ya tenga kupumzisha mgongo, Mama Charubala bado yumo ndani, na shavu la kijana limevimba. Anatafuna. Gorakh aliijua harufu ile ya sukari guru. Mwaka mzima aliingoja, na sasa inasagwa na meno ya mwingine.

"Gorakh, mwanangu," bibi aliita, "magoti yanasemaje leo?"

Gorakh akafungua kinywa kuitika. Hastabir akamtangulia. "Mazima, Mama."

Hapo ndipo alipoelewa. Bibi hakumwacha. Macho yake, ambayo mwaka jana yalianza kufanya ukungu, sasa yalikuwa meupe kama maziwa, na masikio yamefunikwa skafu mara tatu. Aliita Gorakh, akaitika mwingine.

Alimshusha Bwana Nitai kibandani. Hastabir naye alipomshusha bibi na kumkalisha kwenye benchi, Gorakh akamvuta nyuma ya kibanda.

"Unakula kwa jina langu, wewe mtoto?"

"Aliita, Kaka. Aliita mara tatu, watu wanatazama, wewe hupo. Ningemwambia nini, kwamba Gorakh wake ameenda kwa fundi?"

"Ungesema wewe ni nani."

"Basi kamwambie wewe. Yule pale. Mwambie kuwa tangu asubuhi amebebwa na mwizi."

Gorakh akaenda, damu inamchemka. Alikuwa ameyapanga maneno yote: Mama, mimi ndiye, yule ni mwongo, muulize jina la mke wangu uone. Akasimama mbele ya benchi, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni kwa utulivu. Bibi alikuwa anatabasamu peke yake.

"Nani hapo?" aliuliza. "Ni mbebaji pia? Nasikia unahema."

"Ni mbebaji, Mama."

"Basi unamjua Gorakh wangu. Umri umemfanyia wema. Zamani alikuwa anaongea, mwanangu, anaongea mpaka ninafika juu kichwa kinauma, na mimi namwacha kwa kumhurumia. Leo amekaa kimya amenisikiliza. Nimemweleza habari za marehemu mume wangu tangu Gaurikund, na hakunikatiza hata mara moja. Miaka sita nilitamani kumweleza." Akafuta jicho kwa ncha ya skafu. "Mwakani sitaweza tena kuja. Juu nitalitaja jina lake kwa kuhani, aombewe kama nilivyomwombea mume wangu. Gorakh Rokaya. Sijakosea?"

"Hujakosea, Mama."

Hastabir alikuwa amesimama kando, ameacha kutafuna, anangoja afichuliwe. Gorakh alimtazama kwa chuki ya wazi. Alimwonea wivu mgongo wake, kimya chake, na zile saa nne alizopewa ambazo yeye kwa miaka sita alizijaza na shamba la kaka zake. Angemfichua kwa neno moja tu, na Gorakh wa bibi angekufa palepale, bibi abaki na Redio.

"Na wewe unaitwa nani?" Mama Charubala aliuliza, akinyoosha mkono gizani mwake.

Gorakh akaushika. "Hastabir, Mama," alisema.