Fundi wa Miluzi

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, alikuwa na kazi ambayo ukiitaja kwenye harusi watu wanacheka. Alitengeneza sanrufu, kile kidirisha cha kioo kwenye paa la gari, basi. Injini hakugusa. Breki hakugusa. Ukimletea gari linalotoa moshi anakuelekeza kwa jirani, anarudi kwenye kigoda chake. Lakini kama gari lako linapiga mluzi ukikimbia, au mvua ikinyesha maji yanakudondokea shingoni, mafundi wote wa mtaa ule walikuwa na jibu moja: mpelekee Sikio.

Hilo ndilo jina walilompa, naye alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Kuvuja kulimpa riziki kuliko mluzi, kwa kuwa watu wana haraka. Mtu akiona tone moja ndani ya gari anakimbilia dukani kununua silikoni, anakandika ukingo mzima wa kioo, anajipongeza. Mvua inayofuata zulia lote linaelea. Shemeji aliwasikiliza huku amewakazia macho mdomoni, kisha akawapa maneno yale yale. "Sanrufu haizuii maji, bwana. Inayapokea. Kuna mfereji huku pembeni, na kila kona ina kijibomba cha kuyashusha mpaka chini ya gari. Wewe umeziba mfereji. Sasa maji yaende wapi, mbinguni?"

Hapo angekaa nusu siku akibandua silikoni kwa kijiti cha mbao asije akakwaruza rangi. Angepitisha waya laini kwenye vijibomba mpaka utoke na matope na majani yaliyooza. Mwisho alimwaga kikombe cha maji kwenye mfereji, akainama kuchungulia nyuma ya gurudumu. Maji yakitoka, aliguna. Huo mguno ndio uliokuwa risiti yake.

Mluzi ulikuwa na namna yake, na ulihitaji watu wawili. Alibandika utepe wa karatasi kuzunguka kioo chote, vipande vifupi vifupi. Gari likikimbia hivyo, mluzi unakufa. Wanasimama, anabandua kipande kimoja, wanakimbia tena. Wanasimama, anabandua kingine. Mluzi ukirudi, umempata mwizi: mpira wa pale umechoka, au kioo kimekaa juu kidogo. Yeye alilala chali kiti cha nyuma, uso chini ya kioo, na aliyeendesha alikuwa dada yangu. Wateja walipenda kusimulia jinsi Sikio alivyolala kama maiti, kisha ghafla akapaza sauti, "Hapa!" Hakukosea.

Dada alikuwa na tabia moja niliyomtania nayo. Akiingia kwenye gari la mteja, la kwanza alikipinda kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma mpaka kikaelekea uso wake. Nikamwambia, "Unajiangalia mpaka kwenye magari ya watu?" Akasema mwanamke asiyejiangalia ataangaliwa na nani. Tukacheka yakaisha.

Alipougua kifua, sauti ilimwisha kwanza. Ikabaki nyembamba. Siku aliyotuacha mvua ilikuwa ikipiga bati, mchana, na shemeji alikuwa sebuleni akinyoosha mpira wa sanrufu juu ya meza. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Alipompelekea chai alimkuta ameshaondoka.

Msibani jirani, ambaye ukuta wake umegusana na wa dada, alisema mbele ya watu, "Aliita jamani. Tulimsikia mpaka kwetu. Nikasema mumewe si yupo."

Mama alimgeukia mkwewe. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Miluzi ya magari ya watu unaisikia. Mwanangu akikuita, husikii."

Alitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na weusi wa mpira kwenye kucha. Tangu siku hiyo mama hakumtamkia neno, nami nilikuwa upande wa mama. Niliona haya hata kumwita shemeji. Nilipompa pole alinipita kama upepo, nikasema huyu kumbe hata aibu hana.

Kwa hiyo aliponijia na kuniomba nimwendeshee gari la mteja, mama mmoja muuza vitambaa, nilikubali upesi kuliko alivyotarajia. Nilikuwa na maneno yangu kifuani na nilitaka mahali asipoweza kuyakimbia.

Tulitoka mjini mpaka kwenye barabara iliyonyooka. Yeye alilala nyuma, utepe umezunguka kioo juu yake, na gari lilikuwa kimya. Hapo nikaanza, macho barabarani, mikono kwenye usukani. Nilimwambia dada aliacha watu wenye kazi za ofisini kwa ajili yake. Nilimwambia mtu anayesikia upepo na asisikie mkewe anakufa, huyo amechagua cha kusikia. Nilimwambia mama hali vizuri, na kwamba kila mvua ikinyesha anakaa karibu na mlango kana kwamba anamngojea mtu. Nilimwaga yote mpaka koo likakauka.

Akasema, "Shemeji, ongeza mwendo kidogo."

Kiburi hicho! Nilikanyaga mafuta kwa hasira. Tukasimama, akabandua kipande cha kwanza, tukaondoka tena.

Mluzi ulirudi hapo hapo, mkali mpaka meno yakaniuma. Nikangoja aseme "Hapa." Hakusema. Nikaenda, nikaenda, mluzi unalia juu ya kichwa chake. Akanigonga begani nisimame, akashuka, akabandua kipande cha pili. Tukarudia. Cha tatu. Mluzi ule ule, uso wake umetulia chini yake.

Hasira yangu ikaanza kuniponyoka, nami sikutaka iniponyoke.

Aliporudi kutoka kubandua cha nne hakulala. Alikaa, akainama mbele kati ya viti viwili. "Mluzi umerudi zamani, siyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mbona hukuinua mguu?"

"Mguu gani?"

"Dada yako alikuwa anaachia mafuta. Kidogo tu. Gari likilegea nalihisi mgongoni, nasema hapa." Alinyoosha kidole kwenye kile kioo kidogo. "Na hicho alikuwa anakigeuza, nimwone mdomo akisema. Sauti nyembamba zilishaniacha kitambo. Kelele za kompresa na grenda za gereji, miaka yote hiyo. Daktari alisema hazirudi. Sikio la kufa halisikii dawa, shemeji." Alijaribu kucheka. "Hatukuwahi kulizungumza. Sijui kama alijua kwamba ninajua."

Sauti yangu na ya dada ni moja. Watu walikuwa wakitukosea kwenye simu. Ndipo nilipoelewa kwamba ule mzigo wote niliomtwika barabarani hakuusikia hata neno moja, wala pole zangu za msibani. Na ndipo nilipoelewa ile mvua, na ule mlango uliokuwa wazi.

"Mbona hukumwambia mama?" Nilimgeukia ili anione.

"Nimwambie nini? Kwamba mwanawe alikuwa anafanya kazi yangu, mimi nachukua sifa?" Alipangusa mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Dada yako alinifichia aibu hii mpaka anaingia kaburini. Mimi ndiye niifukue?"

Nilisema mama atamsamehe. Alisema hakuomba kusamehewa. Kisha akautazama ule utepe uliokunjamana kwenye kiganja chake, na aliponyanyua uso nikaona alichokuwa anakitaka kwangu tangu asubuhi, na kwamba mluzi wa muuza vitambaa ulikuwa kisingizio.

"Jirani alisema aliita," akasema. "Namwogopa yule jirani, sijamuuliza. Wewe uliongea naye msibani. Aliita nini?"

Nilimgeuzia kisogo. Machozi yalikuwa yamenijaa na sikutaka ayaone. Nikasema nikitazama barabara, "Alikuita mwenzangu. Mara mbili, halafu akanyamaza."

Kisha akanigusa bega.

"Sijasikia, shemeji. Sema tena."

Sikuweza kugeuka. Nikanyoosha mkono nikakipinda kile kioo kidogo mpaka tukaonana usoni, mimi na machozi yangu na yeye na ule utepe wake. Nikafumbua mdomo wote, na kwa sauti ile ile ya dada nikapiga kelele mpaka mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama.

"Mwenzangu! Alisema, mwenzangu!"

Midomo yake ililifuata lile neno. Akalirudia bila sauti. Kisha akakaa sawa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Naam," akaitika.